Neno la Kuandika kwenye Hoteli ya Mama

Miaka ile ya soko huria, Mwanza nzima ilishikwa na homa ya kuandika Kiingereza ukutani. Biashara zilifunguliwa kila kona, na kila aliyefungua hata kibanda cha mbao alitaka neno la kizungu juu ya mlango. Mtu ana meza moja na mashine ya kusaga karanga, ukutani kaandika Enterprises. Kinyozi mwenye kioo kilichopasuka kajiita International. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi huko Ilemela, binti mwenye hasira za karibu na vumbi la chaki kwenye sketi, na kila nilipopita mjini nilisahihisha kuta kimoyomoyo mpaka kichwa kikaniuma. Mama alikuwa ananicheka. Alisema ipo siku nitakamatwa na kalamu nyekundu mkononi, nikiwawekea watu alama za kosa kwenye nyumba zao.

Kwa hiyo siku aliponiambia kwamba na yeye anataka neno, nilijua nimepatikana.

Mama alikuwa na hoteli Kigongo, pale kwenye kivuko cha kwenda Busisi. Nikisema hoteli msifikirie vitanda. Ni chumba kimoja cha matofali, bati juu, mabenchi ndani na jiko la kuni nyuma. Magari yote ya kwenda Sengerema na Geita lazima yasimame pale kungoja pantoni, na watu wakingoja hula. Ungedhani mahali kama pale mtu hawezi kukosa wateja. Mama aliwakosa, na sababu aliijua yeye, nikaijua mimi, na kila dereva wa barabara ile aliijua.

Mwanzoni mwa mwaka, kundi la watu wa harusi lilishuka pale likielekea Sengerema. Ndani yake alikuwemo mpambe wa bwana harusi, kijana mrefu, pete ya bibi harusi ikiwa kwenye mfuko wa koti lake. Wakaagiza sato. Sasa Mama hakukaanga samaki mpaka mtu awe amekaa na kuagiza. Samaki aliyekaangwa asubuhi akaliwa mchana, kwake yeye huyo alikuwa maiti tu. Wakangoja, sato wakaja, wakawafakamia na kulamba vidole, pantoni ikapiga honi ikaondoka. Wakacheka, wakasema watapanda inayofuata. Ile iliyofuata ikanasa kwenye magugumaji, maana ndiyo miaka ambayo ziwa lilikuwa limevamiwa na yale majani, ikakaa huko katikati hadi alasiri. Kanisani Sengerema bibi harusi alikaa akingoja pete mpaka maua yake yakasinyaa. Kuanzia siku hiyo maneno yakasambaa kutoka Usagara mpaka Geita kwamba ukila kwa yule mama, pantoni inakuacha. Makonda walikuwa wanawatangazia abiria kabisa, kama wanavyotangaza kituo.

Watu wakahamia kwa jirani aliyeuza maandazi ya kufunga kwenye gazeti. Mama akabaki na mabenchi yake.

Jambo hilo lisingeniumiza sana kama isingekuwa habari ya kiwanja. Kiwanja kilikuwa cha ukoo. Baba alipofariki, msimamizi akawa baba mdogo aliyekuwa anaishi Sengerema, mtu wa suti za kaunda na maneno machache. Hakuwa mtu mbaya, niseme kweli. Alimwambia Mama kwa upole kabisa kwamba hoteli isipochangamka, Jumamosi ya kwanza ya Desemba atakuja kumkabidhi mahali pale bwana mmoja aliyetaka kufungua depo ya soda, na Mama atarudi kijijini kulima pamba na wakwe zake. Mama alikuwa ameshika jembe la pamba tangu akiwa mtoto. Aliniambia yeye na pamba wameshaagana, na asingependa kuonana nayo tena hapa duniani.

Kwa hiyo akataka neno. Alikuwa ameona watu wanavyoingia kwenye maduka yenye Kiingereza, akaamini ukutani kwake panahitaji neno moja tu la kuua yale maneno ya makonda.

Jumamosi moja ya Septemba nikafika, nikamkuta ameshamleta fundi wa kuandika, kijana wa Bukoba aliyekuwa akiandika ubavuni mwa malori. Alikuwa mtani wangu. Alidai sisi Wasukuma Kiingereza tunakiongea kama tunachunga ng'ombe, nami nikamjibu kwamba wao wa Bukoba wanakiongea hata usingizini na bado hawaeleweki. Tukaketi watatu kwenye benchi, ukuta mweupe mbele yetu, na Mama akaniambia nimwage maneno yote ya Kiingereza yanayohusu kuwahi.

Nikayamwaga. Nikamweleza kwamba fast ni la mwendo, la gari au la mtu anayekimbia. Quick ni jambo linaloisha upesi, kama salamu za mtu mwenye haraka zake. Rapid ni neno la vitabuni, huvaa tai. Prompt ni la mtu aliyeahidi saa nne, na saa nne kweli yupo mlangoni. Mama akalipenda hilo la mwisho, kisha akauliza nani pale Kigongo analijua. Nikatazama nje. Kulikuwa na utingo wawili, mama muuza dagaa na mbuzi. Nikakubali kwamba halijulikani.

Fundi yeye alitaka Quick, si kwa sababu ya maana, bali kwa sababu aliipenda ile herufi ya kwanza. Alisema hapewi nafasi ya kuiandika mara nyingi, na alikuwa na namna yake ya kuupinda ule mkia.

Mama akatikisa kichwa. "Nyie mnaniambia habari za mbio," alisema. "Mimi nataka neno la kumwambia mtu, kaa ule, hutaachwa."

Nikamwambia neno moja la hivyo halipo. Akanitazama kama mtu aliyelipa ada bure. Alishangaa lugha kubwa namna hiyo, ya watu wanaorusha ndege, ikose kitu kidogo kama hicho.

Mwishowe tukaangukia Express. Kila mtu alilijua kwa kuwa lilikuwa limeandikwa kwenye vipaji vya nyuso vya mabasi, na basi la express ndilo linalowahi kufika. Roho yangu ilisita kidogo, lakini njaa ilikuwa inaniuma na fundi alishafungua kopo. Akaandika kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi, maridadi hasa. Nikarudi Ilemela nikijiona nimemwokoa mzazi.

Jumamosi iliyofuata nikamkuta Mama amejiinamia jikoni. Basi la kwanza tu lililofika pale, konda alisoma ukuta akacheka mpaka akashika mlango. Akamwambia Mama kwamba express ni gari lisilosimama njiani, sasa wao watasimamaje hapo? Utani ukakolea. Kila gari lililopita, kuna mtu alichungulia dirishani akamuaga Mama kwamba hawasimami, hii ni express. Niliposikia hivyo kwa masikio yangu, damu ilinipanda. Nilitoka nje nikamfokea konda mmoja kama ninavyomfokea mwanafunzi wa darasa la nne, naye akaniitikia "ndiyo mwalimu" kwa adabu zote, basi zima likaangua kicheko. Walikuwa na haki. Watu wa magari huyajua maneno ya barabarani kuliko mwalimu, na mimi sikuwauliza.

Tukafuta. Fundi akaupata mkia wake, akaandika Quick. Hilo likawa baya zaidi, maana safari hii watu waliamini. Wakaingia, wakaagiza sato, na kabla mafuta hayajapata moto wakaanza kugonga meza. Mzee mmoja alisimama mlangoni akasema ukuta unamwambia hivi na jiko linamwambia vile, amsikilize nani? Nikamsihi Mama akaange samaki mapema, awafunike, watu wakija wawakute. Tulizozana siku hiyo mpaka jirani wa maandazi akaja kuamua ugomvi. Mama alisema yuko tayari kurudi kwenye pamba kuliko kumlisha mtu samaki aliyelala. Niliona ni ukaidi mtupu na nikamwambia hivyo, nikanuna njia nzima mpaka Mwanza.

Novemba ikaisha ukuta ukiwa umepakwa chokaa, hauna kitu. Mimi nilikuwa bado nachambua kamusi usiku na mchana. Soon, early, ready, hakuna lililokaa.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba nilifika mapema ili niwe na Mama baba mdogo atakapokuja. Mama alivaa kitenge chake kizuri. Alikuwa ametoa kabatini sahani zake za bati zenye maua mekundu, seti aliyoletewa siku ya harusi yake, akazipanga mezani. Akasema kama ni kufunga hoteli, ataifunga kwa heshima.

Karibu saa tano ikafika basi dogo la kukodi. Akashuka kijana mrefu, tukamtambua wote wawili kwa pamoja. Ni yule mpambe wa bwana harusi. Nyuma yake wakashuka watu wazima na kina mama na vitenge vyao, ukoo mzima, wanakwenda Sengerema kumwona mtoto wa wale maharusi. Harusi ilichelewa, mtoto hakuchelewa. Kijana akamwamkia Mama shikamoo, akasema tangu siku ile hajala sato kama wale mahali popote, na kwamba wenzake wamemwonya njia nzima lakini amekuja hivyohivyo. Ila aliketi mwishoni mwa benchi, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Mama akakaanga. Sijawahi kumwona anakaanga vile, midomo ameibana, haangalii kushoto wala kulia. Samaki ndiyo kwanza wamewekwa sahanini, ugali unafuka moshi, hakuna hata aliyemega tonge, pantoni ikapiga honi.

Wote wakasimama. Kijana akashika kichwa, kina mama wakaanza kukusanya mikoba. Dereva wao alishawasha gari. Mimi nilimtazama Mama, na nikaona kwamba hapa ndipo hoteli inapokufa, mbele ya macho yangu, kwa watu walewale na kwa samaki yuleyule. Nilihisi machozi yanakuja na nikayakasirikia.

Mama akafuta mikono kwenye kitenge, akachukua sahani ya kwanza akamkabidhi kijana.

"Chukueni sahani zenu," alisema. "Mtakula majini."

Kijana akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma, "Na sahani, mayu?"

"Si pantoni inarudi? Na zenyewe zitarudi."

Basi tukateremka kwa mwendo ambao sijui niuiteje kwa lugha yoyote. Watu wazima na sahani mikononi, Mama na karai la ugali kichwani, mimi na bakuli la kachumbari, vijana wa pantoni wanatupigia kelele tufanye upesi. Malori yaliyokuwa foleni yalijaa vichwa madirishani. Wakapanda, mnyororo ukafungwa, pantoni ikang'oka, nasi tukabaki ukingoni tunawaona wanakula wakiwa wameegemea vyuma, miiba wanawatupia ndege.

Kisha akili ikanirudia. Nikamwambia Mama kwamba zile ni sahani za harusi yake, amewapa watu asiowajua majina, wanakwenda asikokujua, na baba mdogo anakuja leo. Atakuta hoteli isiyo na wateja wala sahani. Nilisema mengi, kwa sauti ya darasani. Mama alisikiliza yote huku ameketi juu ya jiwe, kiganja juu ya macho, anatazama ziwa.

"Naogopa, mwanangu," alisema mwishowe. "Lakini nimechoka watu kuinuka kwangu na njaa."

Nikaketi karibu naye. Nami nikaweka kiganja juu ya macho, nikatazama ziwa.

Pantoni ilichukua muda wake. Tuliiona Busisi kama kisanduku, ikakaa huko, ikaanza kuja. Ilipogusa ukingo wakashuka kwanza wenye baiskeli, kisha kina mama na mabeseni, halafu akashuka mtu wa suti ya kaunda, anatembea kwa uangalifu kama amebeba mayai. Alikuwa baba mdogo. Alikuwa amezikumbatia sahani zote kifuani, zimeoshwa, zinadondosha maji kwenye suti yake iliyopigwa pasi, na juu yake kuna kifurushi cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Ilivyokuwa ni kwamba yule kijana, baada ya kushuka Busisi, alitafuta mtu mzima mwenye sura ya kuaminika anayevuka kuja huku, akamwomba amfikishie sahani na zawadi ya michembe yule mama wa samaki. Baba mdogo hakumwambia kwamba ni shemeji yake. Alizitambua zile sahani palepale. Yeye ndiye aliyezibeba kichwani siku zilipoletwa kwetu, akiwa kijana, siku ya harusi ya kaka yake.

Akamkabidhi Mama mkononi. "Shemeji," alisema, "nimezihesabu. Zimetimia."

Nyuma yake kulikuwa na watu waliowaona wenzao wanashuka Busisi wanalamba vidole, wanauliza samaki wanauzwa wapi. Na juu kule kwenye foleni utingo walikuwa wameshaanza kuja. Mama hakuwa na nafasi ya kulia, akarudi jikoni mbio. Baba mdogo alisubiri zamu yake kama mteja mwingine, akala sato wake mpaka kichwa, akanawa. Kuhusu bwana wa depo hakusema lolote. Alipoaga ndipo alipotamka kwamba soda nazo zinaweza kuuzwa humuhumu ndani, itafaa Mama akiweka kreti mbili tatu.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya Kigongo. Honi ikilia, mtu anainuka na sahani yake, anamalizia majini, na vijana wa pantoni wanazikusanya kurudi nazo. Makonda wakabadilisha tangazo lao, sasa wakisema kula kwa yule mama, pantoni inakupeleka na chakula chako. Ukutani hatukuandika kitu tena. Ila kuna sahani moja ilipitiliza mpaka Geita na ikakaa huko hadi Mama akakosa usingizi, ndipo akasema sasa ninahitajika kweli. Anataka neno la chini ya sahani.

Tukaketi tena benchini na fundi wetu. Nikamweleza Mama kwamba return ni amri, lina mhuri wa maktaba. Give back unamwambia mtu aliyekunyang'anya. Bring back ni la kumtuma mtu, linamwelemea aliyebeba. Come back ndilo unalomwambia mtu wako anayetoka mlangoni, unayetaka umwone tena. Mama hakufikiri hata kidogo.

"Hilo," alisema.

Fundi akalalamika kwamba halina ile herufi yake, lakini akaandika, vidogovidogo, chini ya kila sahani, mahali asiposoma mtu mpaka aiinamishe kuiosha. Hakuna aliyelicheka. Sahani zikawa zinarudi.

Miaka miwili baadaye nilipata nafasi ya kwenda kusoma Dar. Mama alikuja kunisindikiza stesheni ya Mwanza, na kupitia dirisha la behewa akanipitishia chakula kilichofungwa kwenye kitambaa. Hakuwa mtu wa maneno mengi ya kuaga. Alinikumbusha kufunga mlango wa behewa na kutokubali kitu cha kula kwa mtu nisiyemjua, treni ikaondoka, nikaona kitenge chake kinapungua mpaka kikapotea nyuma ya mawe.

Nilikula karibu na kufika Tabora. Sato, ugali umepoa, pilipili pembeni. Nilipomaliza nikaenda bombani mwisho wa behewa, nikainamisha sahani kuiosha, na hapo ndipo nilipoyaona yale maandishi mekundu niliyoyataja mwenyewe. Nililia pale bombani, jamani, mtu mzima na cheti changu cha ualimu, mpaka mama mmoja aliyekuwa anangoja maji akanipa pole ya msiba.

Krismasi nilipanda treni kurudi. Nilifika Kigongo mchana, foleni ya malori imefika mbali, hoteli imejaa mpaka nje. Mama aliniona, akavuka kati ya mabenchi, akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono.

"Sahani yangu," alisema.

Nikaitoa kwenye begi. Akaigeuza akaitazama chini, akairudisha kwenye safu na wenzake, ndipo akanikumbatia.